Jiwe Ambalo Jackton Alikataa Kulipakia

Jiwe lililosimamishwa na wazee halisogezwi na mtu ambaye hakulisimamisha. Jackton Lumbasi alifunzwa hivyo kwao Kakamega, ambako babu yake alikuwa na mawe matatu uani na kila mavuno aliyamwagia uji wa wimbi kabla ya mtu kuonja. Jackton ni Mkristo, nami pia. Sitetei matambiko hapa. Natetea adabu.

Mwaka 2016 alikuwa akiendesha lori la kreni mjini Riyadh. Mkewe, Priscah, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Jeddah, na bosi wa Jackton alikuwa ameahidi kumhamishia huko, kwenye bohari karibu na bandari, ili wapate kuonana siku za Ijumaa. Kwa ahadi hiyo alivumilia mengi.

Siku moja bosi alimpeleka Jackton na mwenzake wa kazi jangwani. Palisimama nguzo za mawe, ndefu kuliko mtu, tangu kabla ya watu kujua kuandika. Katikati palikuwa na jiwe bapa lenye kishimo, kama la kuwekea sadaka.

"Hilo refu nalitaka bustanini," bosi akasema. "Yalla, haraka."

"Bosi, hapa watu waliomba. Pengine wamezikwa hapa."

"Walikufa. Halas, yamekwisha."

"Hata wangu walikufa, bosi. Mawe yao bado yapo."

Justus, Mkenya mwenzake wa kufunga minyororo, akacheka. "Kwani ulipanda ndege kuja kuwa mganga? Pakia jiwe, bwana. Priscah anakungoja."

Jackton akazima kreni. Kisha akafanya kosa ambalo mtu wa kwao tu angelifanya: akamimina chai yake katika kile kishimo, kuomba radhi kwa fujo waliyoleta.

Bosi akampiga picha, akamshtaki kwa polisi kwamba anaabudu masanamu. Aliyetaka kung'oa nguzo ya ibada ili wageni wake wapige picha kando yake, ndiye aliyejitia mlinzi wa dini! Sheria ya nchi yenyewe inakataza kugusa mabaki ya kale, lakini hakuna aliyemuuliza bosi. Justus akatoa ushahidi dhidi ya mwenzake, akapewa usukani wa lori, na jiwe akalipakia yeye.

Jackton alirudishwa Kenya na kupigwa marufuku kurudi. Priscah alibaki Jeddah akamaliza mkataba, kisha akatia sahihi mwingine. Ijumaa walizoahidiwa hawakuzipata hata moja.