Mkwe Aliyenyimwa Mkono

Kwa miaka kumi na mmoja, Kitale nzima ilimjua Shakuntala kama Mhindi. Alikata vitambaa katika duka la Gurdev, alijitanda mtandio kama wake wa wenye maduka, na alikula mezani pa familia, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya duka. Baba yake, marehemu Anil, alikuwa na duka Bungoma. Hilo lilikuwa kweli. Mama yake alikuwa Mbukusu aliyemfulia Anil nguo, na hilo hakulisema.

Alipokuja kuomba kazi mwaka wa 1976, Gurdev aliuliza jina la baba, akatazama ngozi na nywele zake, akaridhika. Ni Dayawanti, mke wa Gurdev, aliyeuliza habari za mama.

"Alikufa," Shakuntala akajibu.

Neno hilo moja lilimpa kazi, chumba, na kikombe chake katika kabati la familia. Wasichana weusi waliofagia duka walinywea chai nje, katika vikombe vya bati.

Mama hakuwa amekufa. Aliishi Bungoma kwa binti yake mkubwa, ambaye baba yake alikuwa Mbukusu. Dada huyo alipofika Kitale aliingia dukani kama mteja yeyote, akaomba vifungo, na Shakuntala alipokuwa akivichagua, akamnong'onezea habari za nyumbani. Safari moja aliweka picha ya arusi ya bintiye Sally katikati ya vifungo.

"Mwangalie mkwe wako," akasema chini chini. "Anaitwa Walubengo. Mwalimu."

Shakuntala aliitazama sana, kisha akairudisha.

Januari 1987, wiki ya kufungua shule, duka lilijaa wazazi hadi mlangoni. Mwanamume mmoja alipenya mpaka kwenye kaunta, akavua kofia na kunyoosha mkono.

"Habari ya mama? Mimi ni mwalimu, natoka Moi's Bridge. Nataka kaki ya watoto ya shule."

Shakuntala akamtambua: ndiye yule wa pichani. Mkasi ukamponyoka. Kwa Wabukusu, mama mdogo wa mke ni mama mkwe, na mama mkwe hamshiki mkwe wake mkono wala hamtazami usoni. Hakupata hata nafasi ya kufikiri. Alivuta mtandio ukamfunika uso, akageukia majora ya vitambaa ukutani. Mkono wa mwalimu ukabaki hewani.

"Mmeona?" akapaza sauti Nyaguthii, muuza viazi sokoni. "Mwalimu mzima, ati mkono yake ni chafu!"

"Si ndiyo hao, bana," mwingine akadakia. "Pesa yetu wanashika. Sisi wenyewe, hapana."

"Mama, nimekukosea nini?" akauliza Walubengo. Hakuwa na hasira, na hilo lilimchoma Shakuntala zaidi ya matusi.

Watu walianza kurudisha vitambaa kwenye kaunta na kutoka. Gurdev akaja mbio kutoka nyuma.

"Shakuntala! Shika mkono ya mwalimu, maneno iishe."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

Akiushika, angemvunjia heshima Sally na dada yake. Akikataa na kunyamaza, angebaki mwanamke anayedharau watu weusi, naye ni mtoto wao. Akieleza, kazi na chumba vingekwenda.

Akasema, bado akiutazama ukuta, kwa Kibukusu kwanza, kisha kwa Kiswahili: "Huyu ni mkwe wangu. Ameoa mtoto wa dada yangu. Mimi ni Naliaka, ndilo jina alilonipa mama."

Walubengo aliurudisha mkono kama aliyegusa jiko la moto. Alirudi nyuma, akamkanyaga Nyaguthii mguu, kisha mwalimu naye akageuza mgongo.

"Nisamehe, mama! Sikujua!"

Wakasimama hivyo, wamepeana migongo, na mtu mmoja akaanza kucheka. Kisha duka zima.

"Kumbe ni heshima!" Nyaguthii akasema, akisugua mguu. "Na mimi nimekutukana bure. Pole, mama."

Gurdev hakucheka. "Mama yako yuko wapi?"

"Bungoma. Yuko hai."

"Ulimuua mama yako ndiyo upate kazi kwangu?"

"Kama ningesema yuko hai, na ni Mbukusu, ungenipa?"

Gurdev alitazama vitambaa vilivyorudishwa kwenye kaunta. Kisha akainama, akaokota mkasi, akauweka kwenye kaunta. "Mwalimu anangoja kaki," akasema.

Kazi ilibaki. Kikombe hakikubaki: siku hiyo hiyo Dayawanti alikitoa kabatini. Mwisho wa mwezi Naliaka akaacha chumba chao, akahamia chumba cha mabati katika mtaa wa Matisi. Alishangaa jinsi mabega yake yalivyolegea, kana kwamba ametua gunia.

Jumamosi ya kwanza mama yake akafika, kuku chini ya kwapa. Jirani aliyekuwa akianika nguo akauliza, "Leo una mgeni. Huyu mzee ni nani?"

"Ni mama yangu."

Jirani akaitikia, akaendelea kuanika.

"Mama yangu," Naliaka akarudia kwa sauti ya juu, ingawa hakuna aliyeuliza tena.

"Wacha kelele," mama akamwambia. "Shika kuku."