Bunduki ya Mjomba Iliyokwama Mpakani

Kwa aibu niliyoipata siku ile, ningekuwa mtu wa kukimbia aibu ningeshahama Bunia zamani, lakini nina duka langu la vipuri vya pikipiki, na magoti yangu hayapandi tena gari bila kulalamika, kwa hiyo nimebaki, na kila asubuhi hapakosi mjinga wa kupita mbele ya duka akiniita Papa Kalibre. Naitikia. Nimechoka hata kukasirika. Leo nawasimulia mwenyewe ili msiendelee kuisikia kwa shemeji yangu Mama Jeanne, maana yeye ameshaongeza hadi mizinga.

Ilianza na ndoa. Innocent, mtoto wa marehemu kaka yangu (huyo Mama Jeanne ndiye mama yake), alimpata mchumba aitwaye Rose, Mualur kama sisi, ila kwao ni ng'ambo, Uganda. Mnajua mpaka ule ulivyopita katikati ya Waalur bila kubisha hodi, shangazi akabaki huku, mbuzi wake akawa wa taifa lingine. Kwa kuwa kaka yangu hayupo, ukoo ukanichagua mimi kuwa msemaji, kazi ambayo kwetu hupewa anayeongea sana, si anayefikiri sana. Tukaenda, tukaelewana mahari yote, ng'ombe, mbuzi, vitenge vya mama, likabaki fungu la mjomba wa binti, Mzee Uringi, kaka wa mama yake. Akasema anataka bunduki.

Sasa bunduki kwenye mahari si jambo la kushangaza, wazee waliitaja tangu zamani, kalibre duze, yaani kumi na mbili, ya kuwindia, na siku hizi watu huweka bahasha ya pesa mahali pake, wakacheka, wakala, yakaisha. Mzee Uringi hakucheka. Alisema dada yake alipoolewa yeye aliahidiwa bunduki, akaingoja akiwa kijana, akaingoja mpaka mvi, na wenzake kwenye pombe bado wanamuuliza imefika wapi.

"Bahasha miye siitaki," akasema. "Nataka nishike bunduki mukononi, hata siku moja tu, batu baone. Kama hapana, mutoto wetu atabakia kwetu."

Innocent aliacha kula. Kijana mzima, fundi wa kuchomelea vyuma, anakaa mbele ya sahani ya sombe, majani yale ya mihogo, anaitazama tu. Mama Jeanne akanitazama mimi.

Nikaenda ofisi ya serikali, hapa hapa Bunia, niulize kwa heshima mtu akitaka kuvusha bunduki moja ya kuwindia mpaka Uganda anafuata njia gani. Nilimkuta mama mmoja nyuma ya meza, amechoka kuliko mimi. Akanieleza pole pole kama anayemfundisha mtoto: kwanza uwe na ruhusa ya kuimiliki, na ruhusa ni ya mtu, si ya ukoo, halafu upate ya kuitoa nchini, halafu wale wa ng'ambo nao wakupe ya kuiingiza kwao, na sheria zao si zetu, na risasi ni habari nyingine kabisa, zina ruhusa zake. Nikamuuliza inachukua muda gani. Akaweka kalamu chini.

"Papa, weye unaishi Ituri hii ya vita yenye siye tunaishi? Rudia nyumbani mbele sijakuuliza jina."

Nikarudi. Na hapo ndipo akili yangu (mnaijua) ikaniletea wazo ambalo nililiona la mtu anayeheshimu sheria kabisa: tuchonge bunduki ya mbao. Mzee alisema anataka kushika, watu waone. Basi atashika. Nitamwambia wazi kwamba ni bunduki ya heshima, na bahasha juu yake. Nilijisifu njia nzima.

Fundi wa mbao jirani yangu alichonga kitako kizuri, amekilaza vizuri begani, lakini mdomo wake wa mbao ulikuwa kama mchi wa kutwangia sombe. Nikasema hapana, hatuwezi kumtukana mzee, nikatoa dukani kipande cha tiyo, bomba lile la maji, tukakiweka mahali pa mdomo. Ikapendeza. Ila kwa nyuma tiyo lilikuwa na tundu wazi, baya, na fundi ana mkebe wake wa takataka ambamo mna kila kitu, akatoa ganda la kartushi, yaani la risasi, tupu, limeshapigwa miaka mingi, kitako chake cha shaba bado kinang'aa, akalisukuma pale likaingia kana kwamba mama mmoja aliwazaa. Tukasimama tukaitazama. Nawaambia ukweli, niliipenda.

Safari ya Bunia mpaka Mahagi, karibu na mpaka, tulikodi basi dogo, wanawake wamevaa kitenge sare, mbuzi wawili nyuma wanatapika. Bunduki niliifungua vipande, ubao kwenye gunia la mihogo, tiyo na ganda ndani ya sanduku langu la vipuri, na kila bariera ya askari tuliyofika nilishuka na roho nyeupe kabisa, maana ubao ni ubao, tiyo ni tiyo, na mwenye duka la vipuri akikutwa na tiyo nani atashangaa. Kosa nililifanya asubuhi iliyofuata, kwa binamu yangu pale Mahagi tulikolala. Nikaifunga yote pamoja, nikaipaka vanishi, nikaizungushia kitenge kipya, nikaipakata hadi mpakani kama mtoto wa kubatizwa.

Ng'ambo ya mti unaofunga njia mpakani walikuwa wameshakuja kutupokea, ukoo mzima wa Rose, wanaimba, ngoma iko katikati, na mbele yao Mzee Uringi na koti lake na fimbo yake. Alikuwa amenyoa. Aliona kitenge mikononi mwangu, akaacha kuimba, akanyoosha mgongo.

Shefu wa askari wa mpaka, upande wetu, akanyoosha kidole.

"Muzee, hiyo ni nini?"

"Ni zawadi ya bokilo, mukwe wetu, shefu."

"Fungula."

Nikafungua. Niliona macho yake yanakimbia kutoka kwenye ubao hadi kwenye tiyo hadi kwenye ile shaba, na askari wawili waliokuwa wanakula mahindi wakaacha kutafuna.

"Ni mbao tu, shefu," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi wetu.

"Mbao yenye iko na mudomo? Yenye iko na kartushi?"

"Kartushi iko tupu. Iko ya mahari."

"Mahari ya kuuwa nani?"

Wanawake wetu walicheka kidogo, halafu wakaona hacheki. Akanieleza, bila kelele, kwamba zile bunduki za msituni zinazotengenezwa na mafundi wa vijijini zinatengenezwa hivi hivi, ubao na tiyo, zinapiga watu na wanakufa, na sheria haiulizi kama umeinunua dukani au umeichonga uwani, na kwa ganda lile nimeweka na swali la risasi juu. Nikasema basi ngoja nivuke nayo haraka, iondoke nchini. (Ndiyo. Hayo maneno yalitoka katika kinywa hiki.) Polisi wa upande wa pili, ambaye alikuwa amesogea kusikiliza, akasema ikipita tu ule mti inakuwa silaha imeingizwa Uganda. Nikasema basi nirudi nayo nyumbani. Shefu akasema nikirudi nayo hatua moja ananifunga kwa kutembea na silaha bila ruhusa. Nikabaki nimesimama pale, suti ya marehemu kaka yangu inanibana kwapani, mbele ni kosa, nyuma ni kosa, ngoma imenyamaza na mbuzi mmoja anakula ncha ya kitenge.

"Ni ya nani?" polisi wa ng'ambo akauliza.

Nami, kwa uchovu na woga na mdomo huu usiojua kufungwa, nikamwonyesha kwa kidole. "Ni ya mjomba wa bibi harusi. Yeye ndiye aliyeiomba."

Watu wote wakageuka. Polisi akamgeukia Mzee Uringi, akamuuliza mbele ya ukoo wake mzima kama ni yeye aliyeagiza silaha kutoka Kongo.

Mzee alishika fimbo kwa mikono miwili. Pale walikuwepo wale wenzake wa pombe, walikuwepo dada yake na watoto wake, kila mmoja alikuwa amemsikia kwa masikio yake akidai bunduki.

"Bunduki gani?" akasema. "Miye sikuomba bunduki. Tangu nilizaliwa sijaomba mutu bunduki."

 Wote wakatazama chini. Kabla hawajainua macho, Mama Jeanne akapiga kigelegele cha kupasua masikio.

"Mumesikia! Hadai bunduki! Mahari imetimia! Batoto baoane!"

Wanawake wa pande zote mbili wakadaka kigelegele, ngoma ikarudi, Innocent akanikumbatia akilia, nami nikacheka, nikajiona mwerevu kana kwamba nilipanga hivyo tangu dukani. Halafu nikamwona Mzee Uringi. Hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anatazama ile bunduki, na mgongo wake ulikuwa umerudi kuinama. Nikaacha kucheka.

Shefu alinihurumia, nadhani kwa ajili ya mvi. Akaagiza msumeno, akanipa mimi. Nikavua koti, nikapiga magoti kwenye vumbi, mataifa mawili yananitazama, nikaikata, na fundi wangu alikuwa ameweka mbao ngumu, nilikata mpaka shati likalowa na watoto wakaanza kuniimbia. Tiyo na kartushi akavichukua yeye. Kitako akakisukuma kwa mguu.

"Hii sasa ni kuni. Pita nayo."

Tukapita. Kitako nilikirusha kwenye kikapu cha mmoja wa wanawake, sikutaka kukiona tena. Ndoa ikafungwa vizuri, watu wakala, wakacheza, na kila aliyepita karibu yangu alipiga risasi kwa mdomo. Jioni jioni Mzee Uringi akaja akakaa kando yangu na sahani yake ya nyama ya mbuzi. Sikujua nimwombe radhi kwa lipi kwanza.

"Ilikuwa muzuri?" akauliza, chini chini.

"Ilikuwa muzuri, bokilo."

"Niliiona. Ile ubao, vile balikata." Akapitisha mkono hewani, akichora ule mlalo wa begani. "Iko wapi? Nipatie. Nitaweka ku nyumba. Ubao haikatazwe."

Nikainuka haraka, kwa mara ya kwanza siku ile magoti hayakulalamika, nikaenda jikoni kwa wanawake. Nikauliza kikapu. Wakanionyesha sufuria. Chini yake kitako changu kilikuwa kimebaki kijiti cheusi chenye vanishi inayochemka pembeni, maana shefu mwenyewe alisema ni kuni, na wao walikuwa na mbuzi wa kuchemsha.

Nikarudi nikamwambia. Sikupamba kitu, nilikuwa sina tena nguvu ya kupamba. Akatazama nyama iliyobaki katika sahani yake.

"Basi," akasema, "nimeshaikula."

Akaendelea kutafuna.

Mwezi uliopita wazee wa ukoo wamekuja tena, binti wa dada yangu anaolewa Arua, Uganda, wanataka msemaji. Nimewaambia nitatoa mbuzi, nitatoa hata wawili, lakini mdomo wangu hauvuki tena mpaka ule.