Eustakio na Nyongeza ya Maharage

Siku hizi nikiona kompyuta kwenye duka la mtu, namkumbuka Eustakio wa Chiola, mwanamume mwenye kipara, fundi wa redio, simu na baadaye kompyuta. Alikuwa akija kwetu Nkowe kwa pikipiki, na kabla salamu hazijaisha ameshaomba maji.

Duka lilikuwa letu, mimi na mume wangu Hamidi. Eustakio alituwekea programu ya kuhesabu bidhaa kwenye kompyuta ya mtumba. Nilimuuliza tutamlipaje mwenye programu.

"Hailipiwi, Mama Kaimu. Walioitengeneza wameitoa bure, na ndani wameiacha wazi. Fundi yeyote anaweza kuibadilisha ikufae."

Mimi sikusoma, basi badala ya maandishi akaniwekea picha: maharage, chumvi, sabuni. Jinsi nilivyozibonyeza kwa raha! Hamidi naye alikuwa akinitazama, anacheka. Alikuwa na kicheko kizuri wakati ule.

Kisha siku moja tulipopima gunia, maharage yakawa machache kuliko programu ilivyosema. Hamidi hakuniuliza. Alikwenda kijiwe cha kahawa, akawaambia wenzake kwamba mkewe anawapelekea maharage ndugu zake Kiegei. Nikifika kisimani, wanawake wananyamaza.

Nikamwita Eustakio. Akakaa juu ya kreti ya soda, akanitazama nikiuza. Akaja Suzana, mke wa mfugaji Maige, akataka kopo moja la maharage. Nikampimia, kisha nikachota kiganja nikamwongezea, kama mama yangu alivyofanya, kama sokoni wanavyofanya wote.

"Hicho cha juu umebonyeza wapi?" Eustakio akauliza.

"Kwani nyongeza nayo inabonyezwa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Walioandika programu hii hawajawahi kununua maharage Nkowe!"

Akaifungua, akaongeza picha ya kiganja. Tangu hapo gunia na kompyuta vikasema kitu kimoja. Hamidi akasema, "Huyu ni fundi wako. Ameifundisha kukutetea."

"Lete fundi unayemwamini," Eustakio akamjibu. "Hakuna nilichokifunga."

Hamidi akamleta Ivan kutoka Nachingwea mjini. Ivan aliipekua kutwa, Eustakio akimtazama. "Kaka Hamidi, iko sawa. Shemeji hajaiba kitu."

Nikasema, "Baba Kaimu, twende kijiweni ukawaambie hivyo hivyo."

"Nijiaibishe mbele ya wanaume? Si umeshajua mwenyewe? Inatosha."

Haikutosha. Nilifunga nguo zangu kwenye kanga. Eustakio alikuwa ameshawasha pikipiki aondoke; alipoona furushi alisogea mbele nikae. Tulipofika kijiweni nikamwambia asimame. Nikawaambia mwenyewe, kwa sauti, kwamba mimi si mwizi.

"Ni kweli," Eustakio akasema. "Tumeipekua mafundi wawili."

Wale wanaume walitazama vikombe vyao. Najua waliyoyasema baadaye, juu yangu na juu yake. Waseme. Tulishika njia ya Kiegei, kwa ndugu zangu, na njia nzima Eustakio alinieleza habari za redio mbovu za watu wa Chiola, mpaka nikacheka.