Nilimfokea mtu kwenye darasa la unesi online, kumbe ndiye wa kunitilia sahihi

Wakuu, salamu. Hii yangu sijaitia chumvi, na mkinicheka nimeshajicheka kwanza.

Mimi ni nesi wa cheti, nafanya kazi kliniki moja huku Manyatta, Embu, nakaa mtaa wa Majimbo. Diploma nasoma online.

Muhula uliopita tulikuwa tunafundishwa kusafisha vidonda. Kuna mtu aliingia kwa jina la simu tu, "Galaxy". Kamera imezimwa, maiki iko wazi. Ng'ombe akaanza kulia, na ndoo inagongwa. Mwalimu akawa anarudia kila sentensi.

Nilikuwa nimechoka, lakini hiyo si sababu. Nikaandika kwenye chat mbele ya darasa zima: "Galaxy, zima hiyo ng'ombe ama uende ukakamue. Hapa tunasomea unesi."

Wenzangu wakamwaga emoji za kucheka. Nikajiona mjanja kweli.

Galaxy akaandika "Samahani", akazima maiki. Nikasahau.

Mwezi uliofuata nikatumwa Meru kwa mazoezi ya wodini. Kwa wasiojua, tuna logbook, daftari la mazoezi. Kila kazi unayomfanyia mgonjwa, in-charge wa wodi, yaani nesi msimamizi, lazima atie sahihi humo. Bila hizo sahihi hufanyi mtihani wa mwisho.

In-charge alikuwa mama mmoja mtulivu, Sista Kendi. Akasoma barua yangu, akaniangalia.

"Njeru wa Embu?"

"Ndio, Sista."

"Mimi ndio ile Galaxy. College yenu ilituomba sisi ma-in-charge tuingie tuone vile mnafundishwa. Hiyo siku nilikuwa off, nakamua."

Wakuu! Niliomba msamaha hapo hapo, nikibabaika.

"Nimesikia," akasema. "Sasa enda uvae gloves."

Wiki nne nzima nilingoja anikomoe. Yeye ananifundisha tu kama wengine, na hilo lilinitesa zaidi.

Siku ya kupimwa nikapewa mzee mwenye kidonda cha mguu. Kabla sijafungua bandeji vizuri, mzee akaanza kupiga kelele, ananitukana kwa Kimeru. Sista amesimama nyuma yangu na karatasi ya alama.

Nikaacha. Nikamwambia, "Pole, mzee, tutaenda polepole." Nikauliza kama amepewa dawa ya maumivu. Hakuwa amepewa. Akapewa, tukangoja ifanye kazi, ndio nikaendelea.

Nilipomaliza, Sista akaniuliza, "Mbona yeye hukumwambia azime?"

Akachukua logbook, akatia sahihi zote, ukurasa baada ya ukurasa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikapumua kama mtu ametua gunia la viazi.

Nimejifunza kwamba unesi wangu ulipaswa kuanzia kwenye ile chat.

Nikaomba msamaha darasani pia. Juzi mtoto wa mwenzetu alilia wakati wa somo. Niliandika, "Mbembeleze kwanza, tunakungoja." Kwenye orodha ya waliokuwepo niliona Galaxy.

Wenye mshawahi kuandika kitu kwenye chat mkatamani simu iwameze, hebu semeni hapa. Mimi sitacheka.