Albertine Hakumwita Padri

Albertine Chomba alifunga ndoa kanisani, mjini Élisabethville, mwaka 1931, na mwanamume aliyesimama kando yake siku ile alikuwa bado anaamini. Aliitwa Constantin Mwape. Alikuwa amesoma seminari ndogo miaka minne, akaiacha, akajifunza uuguzi na kupata kazi katika hospitali ya Waafrika. Kule cité, mtaa wa Waafrika, watu walimwita munganga, yaani tabibu. Akina mama walimpenda kwa wepesi wa mkono wake: mtoto alishtuka kulia wakati sindano imekwisha kutoka.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, Edith. Surua ilipopita mwaka 1939 ilimkuta ana miaka minne. Constantin alimuuguza mwenyewe siku sita, akijua kila kitu kilichokuwa kikitokea ndani ya kile kifua kidogo, na asiweze kukizuia. Siku ya saba, jua likiwa utosini, Edith alitafuta hewa akaikosa.

Msibani alisimama katekista wa mtaa, Donat Mumba, kitabu mkononi. Alikuwa mjane, mtu wa kaskazini mwa Katanga, aliyeletwa mjini na baba yake aliyekuwa akitandika reli. Akasema maneno aliyozoea kuyasema watoto wanapokufa: Mungu amechuma ua lake alilolipenda.

Constantin akanyanyuka mkekani.

"Tata Donat, usiseme vile. Mie nilikuwa pale. Kama iko muntu aliyemukamata mutoto namna ile, huyo muntu asiniambie ananipenda."

Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Donat alifunga kitabu, akaja kuketi mkekani kando ya Constantin, na hapo akakaa mpaka jua likashuka, bila kutamka neno lingine.

Tangu siku ile Constantin hakuingia tena kanisani. Hakulewa, hakutukana dini ya mtu, hakuoa mke wa pili kama wengi walivyotabiri. Akiulizwa, alisema tu, "Mungu haiko," kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia mgonjwa kwamba dawa imekwisha. Kila Jumapili alimsindikiza Albertine hadi mlango wa kanisa, kisha akaketi nje, chini ya ukuta, na gazeti lake, mpaka misa iishe. Jambo hilo liliwaudhi waumini kuliko kama angebaki nyumbani.

Padri akamwita Albertine. Alimweleza kwa upole kwamba mwanamke aliyeshindwa kumrudisha mume wake hawezi kuendelea kuongoza kikundi cha akina mama. Albertine akavua utepe wa buluu wa kiongozi, akaukunja, akaukabidhi. Nyumbani alisema ameacha kwa sababu amechoka. Aliyetoa siri ni Donat, alipofika siku ya pili amekasirika, hata kiti alikikataa.

"Nilienda kwa padri," alisema. "Nilimuambia haiko haki."

"Na yee alijibu nini?" Constantin akauliza.

"Amesema nifundishe katekisimu, mambo ingine niache."

Constantin akacheka. Albertine, aliyekuwa akipepeta unga nje, alisimamisha ungo kusikiliza. Hakuwa amekisikia kicheko kile tangu msiba.

Basi Donat akawa mtu wa kuja kila Alhamisi baada ya kazi. Walibishana mpaka Albertine akawaambia wapunguze sauti. Siku moja Donat aliuliza, "Munganga, na kama mie njo niko na haki? Ukifika kule umukute Mungu, utafanya je?"

"Nitamuuliza juu ya Edith."

Donat akafikiri. "Na mie pia nitamuuliza," akasema. "Nitasimama nyuma yako."

Mwaka 1947 Donat alianza kukohoa damu. Constantin alimsikiliza kifua, na kabla hajaondoa sikio akajua kwamba mapafu yameliwa. Kilikuwa kifua kikuu. Siku zile hapakuwa na dawa ya kumfaa. Wagonjwa kama yeye walipelekwa mbali, nje ya mji, lakini Donat aliomba kufia karibu na kanisa lake, na daktari akakubali abaki katika nyumba yake ndogo nyuma ya parokia. Waumini aliowafundisha sala tangu utoto wao walikuwa wakiweka sahani ya bukari, ugali wa kule, mlangoni na kuondoka haraka. Walikuwa na watoto nyumbani, na hakuna aliyewalaumu.

Constantin alikuwa akiingia. Kila siku saa kumi, akitoka hospitalini, alifungua madirisha, akamwosha rafiki yake, akachoma vitambaa vya makohozi. Wiki ya tatu Donat alisema hana tena pumzi ya kusoma sala zake za jioni.

"Na bale banajua kusoma, bote banaogopa kuingia," alisema.

Constantin akachukua kitabu pale dirishani. "Nitasoma mie. Lakini ujue, ninasoma tu."

"Soma," Donat akajibu. "Amina nitasema mwenyewe."

Ikawa hivyo. Constantin alisoma kwa sauti ya seminari, polepole, bila kuruka neno. Mwisho wa kila sala alisubiri, na Donat akasema amina yake.

Habari hiyo ilimfikia Albertine kisimani. Alirudi nyumbani mbio, ndoo nusu, moyo ukimdunda. Miaka minane alikuwa ameomba kitu kimoja. Mume wake alipoingia alimkuta amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwani.

"Tata Edith, banasema unasali."

"Hapana. Ninasomea Donat."

"Haiko kitu kimoja?"

"Haiko kitu kimoja, Mama Edith. Yee njo anasali. Mie ninamupa macho tu."

Albertine akakivua kile kitambaa. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku ile maneno yalimtoka kama maji ya sufuria inayochemka. "Yee unamusomea. Mie miaka nane ninapiga magoti peke yangu mu hii nyumba, hata siku moja hukunisomea!"

"Yee anakufa."

"Na mie je? Mie ninaishi!"

Siku mbili walikula bila kuzungumza. Siku ya tatu, mwezi wa Oktoba, joto likiwa limewakausha watu midomo na mvua bado haijaanza, Albertine alimfuata kwa nyuma hadi parokiani. Hakujua anafuata nini. Labda alitaka kuona kwa macho yake.

Alifika mlangoni kwa Donat, akasimama, khanga imefunika pua na mdomo. Padri alikuwa amekwisha kupita asubuhi na mafuta matakatifu. Donat alikuwa amebaki ngozi na mifupa. Constantin alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja umeshika kitabu, mwingine umeshika kifundo cha mkono wa mgonjwa. Alisoma hadi mwisho, akasubiri. Midomo ya Donat ilicheza, sauti haikutoka. Akasubiri tena. Albertine aliuona mgongo wa mume wake ukikaza, akaelewa: angeweza kulisema lile neno moja, hakuna ambaye angejua, na hangelisema, kwa kuwa Donat mwenyewe asingependa kudanganywa.

Albertine akashusha khanga usoni. Akavuka kizingiti.

"Amina," alisema.

Constantin akageuka. Alisogea kumpa nafasi, na sala iliyofuata waliimaliza hivyo, mmoja akisoma na mwingine akijibu, mpaka mapigo kwenye kifundo cha mkono yakatulia.

Siku ya mazishi Constantin alibeba jeneza pamoja na wanaume wa parokia. Kwenye mlango wa kanisa alimwachia mwingine upande wake, akabaki nje. Régine, binti wa Donat aliyeolewa mbali, huko Mokambo, alifika siku mbili baadaye, akakuta kaburi.

Kikohozi cha Constantin kilianza mwaka uliofuata. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukitambua, na hakumficha mke wake. Alipodhoofika kabisa, mwanzoni mwa 1950, Albertine alimuuliza mara moja tu.

"Nimuite padri?"

"Hapana, mama."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako ningefanya kila kitu. Hii itakuwa uongo, na wewe hukuolewa na muongo. Nikikufa, uniombee kama unataka. Hiyo iko yako. Lakini nikiwa sina tena akili, usimulete."

Albertine akaahidi.

Wiki ya mwisho Constantin alipoteza fahamu. Akina mama wa kikundi walikuja, Hortense aliyevaa utepe wa kiongozi akiwa mbele. "Albertine, hasikii tena," Hortense alimnong'oneza. "Padri iko hapa karibu. Mafuta kidogo tu. Unataka muzee aungue milele juu ya maneno?"

Albertine alikuwa anaamini moto ule. Hakuwahi kuutilia shaka hata siku moja. Alimtazama mume wake, akaitazama njia ya parokia, dakika tano za kutembea. Akaikalia mikono yake.

"Nilimuahidi," alisema.

Wakaondoka. Constantin alikufa kesho yake, saa nne asubuhi, mkewe akimpangusa uso.

Padri alikuja mwenyewe. "Kwa nini hukuniita?"

"Alikataa, Padri. Na alipokataa alikuwa na akili yake yote."

"Unajua maana yake?"

"Minajua."

Padri aliketi. Alieleza kwamba hawezi kumzika katika sehemu iliyobarikiwa. Albertine akasema hilo pia analijua. Matanga yakapita bila wimbo, kwa maana waliokuja walizijua nyimbo za kanisa tu, na hakuna aliyethubutu kuanzisha. Wauguzi wa hospitalini walichimba kaburi karibu na uzio, wakarudi kazini.

Albertine aliishi peke yake miaka mingi, akishona nguo za watoto. Kila Jumamosi alipita kwanza kwa Edith, kisha akatembea hadi uzioni, akatandika kitambaa chini, akasali rozari nzima. Mara moja alimuuliza padri mpya, kijana aliyefika mwaka huo, kama sala zinazosemwa mahali kama pale zinafika.

Yule kijana akasema hajui.

Albertine akamshukuru kwa kutomdanganya, akafunga kitambaa chake cha kichwani, akarudi nyumbani.