Jina Langu Limebaki Kwenye Chai

Admin, nifichie jina, ingawa kufichwa jina nimeshazoea.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina mume na mtoto mmoja, tunakaa Bombambili hapa Songea. Nafundisha chuo kimoja kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Somo langu ni Kiingereza cha kitaaluma, yaani namna ya kusoma vitabu vya chuo na kuandika ripoti bila kunakili kazi ya mtu. Mkuu wangu wa idara ndiye aliyenitafutia kazi hii, na ndiye aliyetusimamia ndoa mimi na mume wangu. Namwita mama. Nikikosana naye, nimeharibu kazini na nyumbani kwa mpigo.

Wanafunzi wangu walikuwa wananakili mpaka makosa ya chapa. Nikabuni njia yangu: soma ukurasa, funga kitabu, msimulie mwenzako kwa Kiswahili kama unavyosimulia habari za sokoni, ndipo uandike kwa Kiingereza na utaje ulikotoa. Miaka miwili nimekusanya madaftari yao, pembeni nimejaza maelezo yangu kwa wino mwekundu. Njia ikakubali.

Mwaka jana ukatangazwa mkutano wa walimu wa Kiingereza wa vyuoni, Dodoma. Nikaandika mada, halafu nikafanya ujinga wangu. Ofisini kwetu ni heshima jina la mkubwa litangulie, hata kama hakushika kalamu. Nikaweka la mama kwanza, langu chini yake. Hakuna aliyeniomba! Waandaaji wakajibu kwamba kila mada itagharamiwa msemaji mmoja tu, yule wa kwanza.

"Usijali mwanangu," mama akaniambia, "nikienda mimi umeenda wewe."

Nikamtengenezea slaidi, nikamfundisha mpaka mifano, nikamsindikiza stendi begi lake nimebeba mimi. Siku ya mkutano picha zikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp. Mama kasimama, watu wanapiga makofi, ukutani, kwenye slaidi nilizotengeneza mimi, jina limebaki moja, lake. Nikaikuza slaidi ya mwisho kwa vidole. Kule chini kwenye shukrani nikajiona: nashukuriwa kwa kuchapa. Kuchapa! Nililia jikoni mpaka ugali ukaungua.

Aliporudi aliniletea kitenge. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama. Hilo linaniuma kuliko picha.

Mume wangu akasema, "Nyamaza. Yule alisimama nasi altareni, na mkataba wako unaisha mwezi wa sita. Utaanzia wapi kumwambia?"

Sasa mkutano wa mwaka huu unafanyika hapa hapa chuoni kwetu, Jumatano ijayo. Mama ndiye mzungumzaji mkuu, kwa mada ile ile. Aliniita ofisini akiwa na furaha zake. "Mwanangu, darasa lako litakaa mbele nionyeshe njia yangu kwa vitendo. Na yale madaftari usiyasahau, watu watauliza maswali." Kasema njia yangu, na wala hakupepesa macho. Nadhani siku hizi anaamini kabisa kwamba ni yake. Ratiba ikabandikwa ubaoni. Jina langu lipo, kwenye kamati ya mapokezi na chai.

Ijumaa, mwanafunzi wangu mmoja, dada mtu mzima anayetokea Hanga, alinifuata baada ya kipindi.

"Samahani madam, nimesoma ratiba. Ile si njia yako?"

Nikamwambia mambo ya ofisi ni magumu.

"Sawa madam. Ila sisi ukitukuta na kazi ya mtu hatujamtaja, unatupa sifuri."

Hakusema kwa ukorofi. Alikuwa anauliza kweli, kakumbatia daftari lake. Nikajifanya nafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa.

Ndugu zangu, madaftari nimeyafungia kabatini. Nikiyapeleka, yatamsaidia kujibu kwa maneno yangu. Nikiyaficha, ataaibika mbele ya wageni na atajua ni mimi. Nikisimama wakati wa maswali, mkataba umekwenda na mama nimempoteza. Nikinyamaza, Alhamisi asubuhi naingia darasani, yule dada amekaa pale pale, namfundisha nini?

Msinionee haya, nishaurini: Jumatano nisimame, au niendelee kumimina chai?