Msumari wa Bi Thureya

Nasipwondi alipohitimu hesabu, babake, mzee Barnabas, aliyetumikia reli miaka thelathini, alijua jambo moja tu: mtu wa hesabu ni mwalimu. Akangoja binti apewe darasa. Darasa halikuja. Wenzake wa chuo kikuu walikwishatawanyika: Odera yuko bandarini Shimanzi, anapanga makontena yapi yakae juu ya yapi ili meli isilale upande, Beverly anakadiria samaki waliosalia baharini, na samaki mwenyewe hamwoni ila sahanini. Nasipwondi akaangukia nyufa. Ofisi moja ya kutunza majumba ya kale ilitaka mtu wa kuyapima na kusema lipi litasimama na lipi litaua watu.

"Unapima ukuta?" babake alimuuliza kwenye simu. "Fundi wa mawe hakwenda chuo kikuu, mama."

Kila upande wa ufa Nasipwondi alipigilia msumari mmoja, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, alikuja na kipimo chake cha chuma akapima nafasi iliyo kati ya misumari hiyo. Katika Mji wa Kale wote hakukuwa na nyumba aliyoipenda kama ya Bi Thureya, na hapo ndipo alipokosea. Mpimaji hatakiwi kupenda.

Bi Thureya alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, aliyezaliwa chumba cha juu cha nyumba ileile. Alishona kofia za viua kwa kuhesabu matundu, na hakuna aliyewahi kumkuta na tundu lililozidi. "Ndoo, mwanangu, ukae," alimwambia kila mara, na kahawa iko tayari. Siku moja akataka aelezwe nambari zile zina maana gani. Nasipwondi, kwa kutaka kumtuliza bibi wa watu, akamwambia nambari ikisimama, nyumba imesimama. Laiti angeumeza ulimi wake.

Masika yalipoingia nambari ilipanda hadi milimita mia na moja nukta nne. Kisha ikasimama. Jumatano ya kipimo iliyofuata ileile, na nyingine ileile, mara tano mfululizo. Nasipwondi alifurahi, akaandikia ofisi kwamba nyumba imetulia. Kumbe furaha nayo hupofusha.

Jioni baada ya kipimo cha tano alikuwa chumbani kwake Tononoka, akichora vipimo vya nyumba zote za mtaa ule kwenye karatasi moja. Mistari yote ilipanda na kushuka kwa mvua na jua. Mstari wa Bi Thureya ulinyooka kama uzi uliovutwa. Hata mtu aliyelala, kifua chake hupanda na kushuka. Ukuta hauwezi kutulia kiasi hicho wenyewe. Lazima kuna mtu anayeutuliza.

Asubuhi alikwenda bila kungoja Jumatano. Akainama, akautazama msumari wa kulia jinsi ambavyo hakuwahi kuutazama. Ulikuwa umeinama kidogo kuelekea kwenye ufa. Akapima vichwani: mia na moja nukta nne. Akapima shinani, misumari inapoingia ukutani: mia na tatu nukta nane.

Bi Thureya hakukana. Alitoa kijiti cha mwanzi kwenye kikapu cha nyuzi, kimekatwa sawasawa na nafasi ile. Kila Jumatano ya kipimo, kabla mgeni hajafika, aliugonga msumari kwa mchi mpaka kijiti kibane.

"Wewe ndiwe ulosema," alimwambia. "Nambari ikisimama, nyumba imesimama. Basi nimeisimamisha. Umri huu n'ende wapi mimi?"

Nasipwondi alilia palepale ngazini. Kuandika mia na moja nukta nne mara moja zaidi kulikuwa kazi ya nusu dakika, na nani angejua? Lakini chini ya ukuta ule hupita watoto wa madrasa kila alasiri. Akaandika mia na tatu nukta nane.

Siku ya kumi nyumba ilitiwa kufuli, na Bi Thureya akahamia Makadara kwa mpwawe Fahmi, chumba kimoja juu ya mkahawa, moshi wa mafuta ukipanda kutwa. Mtaa nao haukunyamaza. "Yule msichana wa bara na hesabu zake," watu walisema barazani, kwa sauti ya kusudi, "kamtoa bibi wa watu kwake, na nyumba hiyo yasimama."

Na kweli ilisimama. Mvua za vuli zikaja zikaisha. Nambari ilizidi kupanda, lakini jiwe halikudondoka hata moja. Hesabu ilikuwa imesema itaanguka; haikuwa imesema lini.

Kila akimaliza kupima alipita Makadara. Bi Thureya alikuwa amekonda, na kofia aliyoishika ilikuwa ileile ya mwezi uliopita. Swali lake lilikuwa moja.

"Imeanguka?"

"Bado, bibi."

Jumatano moja ya Disemba, akiwa amesimama mbele ya ukuta ule, Nasipwondi alijikuta akimwomba Mungu auangushe, saa ambayo hakuna mtu njiani. Alipogundua anachokiomba aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliombea nyumba alimozaliwa mtu ivunjike, ili tu yeye asionekane mwongo. Alifika Makadara hawezi kuinua uso.

"Imeanguka?"

"Bado, bibi."

Bi Thureya akaweka sindano chini. "Nitazame mato. Waiombea ianguke, sivyo?"

Nasipwondi hakuweza kumdanganya. "Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Nami naiombea." Mkono wa bibi ulikuwa mwepesi juu ya wake. "Ikianguka n'talia, kisha n'tapoa. Isipoanguka, mwanangu, mimi hapa nafanyani?"

Nasipwondi alikuwa na nambari ya siku hiyo mfukoni. Hakuitoa.